Barua na Majibu: Attack on Titan, utamu wake na kasoro zake

Mwezi huu barua tatu kati ya zilizotufikia zimezungumzia jambo moja, nalo ni anime, yaani mfululizo wa katuni za Kijapani, iitwayo Attack on Titan. Nimeona nizijibu pamoja. Anayeiangalia sasa na hajafika mwisho namshauri airuke barua ya kwanza, kwa sababu siwezi kuijibu bila kuufichua mwisho wenyewe.

BARUA YA KWANZA

Assalaam alaykum, mhariri. Mimi ni kijana wa miaka 22, nakaa Wete. Nilianza kuiangalia Attack on Titan nikiwa skuli na nimeimaliza zaidi ya mara moja. Tatizo langu ni Eren, mhusika mkuu. Nilimpenda tangu mama yake alipoliwa na jitu, nikalia naye, nikamshangilia kila alipopigana. Mwishoni anaua watu wengi kuliko majitu yote yaliyomtangulia, na moyo wangu bado uko upande wake. Rafiki yangu tunayekaa naye barazani ananiambia kwamba mwenye kasoro si hadithi, ni mimi. Je, hadithi hii ni nzuri kweli, au imenihadaa tu?
M.S., Wete, Pemba

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Rafiki yako amekuonea kidogo, ingawa hakukosea kabisa. Hadithi hii imekuhadaa, tena kwa makusudi, kama ilivyonihadaa mimi ambaye umri wangu ulipaswa kunikinga, na ufundi wa kuhadaa kwa namna ile ndio uzuri wake mkubwa. Kasoro zake ziko pengine, na nitazifikia.

Kwa wasomaji wasioijua: Hajime Isayama alianza kuichora mwaka 2009 katika jarida la kila mwezi la kampuni ya Kodansha, akaimaliza Aprili 2021 ikiwa imetimia juzuu 34. Wajapani huziita hadithi hizi za picha manga, na wazee wetu wasidhani kwamba tunazungumzia Manga ya Maskati. Anime yake ilianza kuonyeshwa mwaka 2013. Studio ya Wit ilitengeneza misimu mitatu ya mwanzo, studio ya MAPPA ikauchukua msimu wa mwisho, na ikamalizika Novemba 2023. Humo tunaambiwa kwamba mabaki ya wanadamu yanaishi ndani ya kuta tatu zenye kimo cha mita 50, na kwamba nje ya kuta hizo yanazurura majitu yasiyo na akili, yanayokula watu ingawa hayahitaji chakula. Siku moja jitu la mita 60 linachungulia juu ya ukuta, linalivunja lango kwa teke, na mtoto Eren Yeager anamshuhudia mama yake akitafunwa huku yeye amebebwa begani anakimbizwa.

Tazama sasa mtego ulivyotegwa. Mwandishi hakukuomba umpende Eren. Alikufungia ndani ya ukuta pamoja naye. Kwa muda wa sehemu karibu 60, kuanzia mwaka 2013 hadi 2019, ulijua machache sana ambayo wale waliokuwa ndani ya ukuta hawakuyajua, na kila walichokichukia ulikichukia kwa sababu hukuwa na habari nyingine ya kuilinganisha na ile. Kwa hiyo siku ile ulipokula kiapo pamoja na yule mtoto kwamba majitu yote yauliwe hadi la mwisho, uliapia jambo usilolijua. Majitu yale ni watu. Ni Waeldia, kabila la Eren mwenyewe, waliodungwa sindano ya kuwageuza na kuachiwa kwenye kisiwa chenye kuta zile na taifa la Marley lililoko ng'ambo ya bahari. Na lile jitu lenye tabasamu lililomla mama yake ni Dina, mke wa kwanza wa baba yake. Sisi tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini Isayama ameipindua methali hiyo. Kabla hajageuzwa, Dina alimuahidi mume wake kwamba atamtafuta kwa umbo lolote atakalokuwa nalo, na alipoipata nyumba, aliyekuwamo ndani hakubakishwa hata kidogo.

Nataka nisimame kwenye tukio moja la msimu wa pili, wa mwaka 2017, kwa sababu ndani yake ufundi wote wa hadithi unaonekana wazi. Askari wako juu ya ukuta baada ya usiku wa mapigano, wamechoka, wanazungumza mambo ya kawaida ya watu waliookoka. Humo wako watu wachache, Eren akiwa mmoja wao, wanaoweza kugeuka majitu bila kupoteza akili zao. Reiner, ambaye kwa muda wote huo amekuwa kama kaka mkubwa wa wenzake, ameumia mkono. Anamwambia Eren kwamba yeye ndiye Jitu la Deraya na kwamba Bertolt, aliyesimama karibu yake, ndiye lile Jitu Kubwa lililovunja lango, na analisema hilo kwa sauti ya mtu anayekuomba umsogezee kiti. Hakuna ngoma inayopigwa wala radi inayopasuka, na wengine wanaendelea na shughuli zao pembeni kana kwamba hakuna lililotokea. Mara ya kwanza nilidhani kwamba nimesoma vibaya maandishi ya chini, nikarudisha nyuma. Muziki wa Hiroyuki Sawano, ambao kwa kawaida hausubiri kualikwa, unaingia baadaye tu, pale ambapo hakuna tena anayeweza kujifanya hakusikia.

Ndipo tunapofahamishwa kwamba Reiner aliletwa kisiwani angali mtoto, akiwa amefundishwa ng'ambo kwamba wakaazi wa kisiwa ni mashetani. Aliyeua alikuwa mtoto aliyedanganywa, na aliyeapa kulipiza alikuwa mtoto asiyeambiwa. Miaka minne baada ya vita vya Shiganshina, mji wa kwao, Eren amejipenyeza Marley, amejikata mguu, amelifunika jicho moja na kujifanya majeruhi wa vita. Anakutana na Reiner katika chumba cha chini ya jengo, wakati nje, juu ya jukwaa, mkuu wa ukoo mmoja mashuhuri anautangazia ulimwengu vita dhidi ya kisiwa. Mtoto Falco, aliyekuwa akimpelekea Eren barua zake bila kujua zimebeba nini, amesimama pembeni anatetemeka. Eren hana hasira hata chembe. Anamwambia Reiner kwamba wao wawili ni sawa, kwamba amekaa na watu wa ng'ambo, amekula nao, na amewaona kuwa hawana tofauti na watu wa kwao. Kisha anampa mkono, na mikono ikiwa bado imeshikana anageuka jitu na kulibomoa jengo ambalo ametoka kusema kwamba lina wakaazi ghorofani.

Hadithi nyingi za vita humpa shujaa ujinga ili tumsamehe. Hii inampa ujuzi kamili kwanza, halafu inamwacha atende. Moyo wako kubaki upande wake si dalili ya ubaya, mdogo wangu. Ni dalili kwamba miaka ile ya kumpenda ilikuwa ya kweli na haikufutika kwa kuona jengo moja likianguka. Kinachotakiwa ni kwamba ujue upande huo ni upi.

Kama humo ndani kuna mtu wa kumfuata, mimi namchagua mzee mmoja ambaye hapati hata nusu saa ya hadithi nzima, naye ni baba yake Sasha, askari mwenzake Eren. Binti yake ameuliwa na Gabi, mtoto wa Marley mwenye umri wa miaka kumi na kitu, na bila kujua mzee amempokea Gabi huyo nyumbani kwake, akamlisha kama wanawe. Inapofichuka, mpishi aliyempenda Sasha anamkabidhi mzee kisu. Mzee ni mwindaji wa msituni na kisu anakijua. Anakishika, watu wote wananyamaza, mkewe amesimama kando yake, kisha anaanza kuzungumza polepole kuhusu msitu: kwamba alimtoa binti yake msituni ili aione dunia, lakini dunia nayo ikawa msitu mkubwa zaidi ambamo watu huuana, na kwamba watu wazima wawajibike kuwatoa watoto humo na kuyabeba wenyewe madhambi yaliyopita. Halafu anakitoa kisu mkononi mwake. Na Isayama hakubali tutokwe na machozi ya raha, kwa sababu muda ule ule msichana mdogo aliyewahi kuokolewa na Sasha anaokota kisu kingine mezani na kumrukia Gabi.

Sasa kasoro, na hapa rafiki yako anapata haki yake.

Kasoro kubwa ni kwamba hadithi iliyokuwa na ujasiri wa kumwacha Eren atende inapoteza ujasiri wa kumwacha awe ametenda. Katika mazungumzo yake ya mwisho na Armin, rafiki yake wa utotoni, tunapewa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba aliyaamsha majitu yaliyokuwa ndani ya kuta na kuyapeleka kuikanyaga dunia ili rafiki zake wamzuie na waonekane mashujaa mbele ya walimwengu. Ya pili ni kwamba alikwisha kuyaona yote yatakayotokea, na hakuweza kuyabadilisha. Ya tatu ni kwamba hata asingezuiwa na lolote, alitamani tu kuiona ardhi tupu, kama alivyoiwaza alipokuwa mtoto. Kila moja kati ya hizo ingeweza kubeba mwisho peke yake, na ile ya tatu ndiyo ya kutisha na ndiyo ya kweli kuliko zote. Zikiwekwa pamoja zinaondoleana nguvu, na msikilizaji anaondoka na ile inayomfariji. Sisi tuliosomeshwa chuoni kabla ya skuli tulifundishwa mapema kwamba kadari si mlango wa kutorokea, na aliyeiba hasemi kwamba aliandikiwa kuiba. Eren anasema hivyo hivyo, na watu wanamlilia.

Hesabu yenyewe, kwa mujibu wa hadithi, ni asilimia 80 ya wanadamu. Katika kitabu cha mwaka 2021 Armin anamshukuru rafiki yake kwa kukubali kuwa muuaji kwa ajili yao, na wasomaji wengi walikasirika, kwa haki kabisa. Anime ya mwaka 2023 ilirekebisha: Armin anaichukua sehemu yake ya dhambi, na anamwambia Eren kwamba watakutana motoni, wote wawili. Hilo ni jambo la heshima, kwa sababu si kila siku mwandishi hupata nafasi ya pili ya kulisema neno aliloliharibu, na si kila mwandishi huitumia. Hata hivyo, machozi mengi bado yanamwagika juu ya Eren.

Waliokufa je? Yumo mtoto anayeitwa Ramzi, na ndugu yake Halil, majina ambayo ukiyaita kwa sauti pale Darajani wataitika watu kumi. Ni wakimbizi wa vita wanaoishi kwenye mahema, na Ramzi ni mwizi mdogo wa mifukoni. Eren anamkuta anapigwa uchochoroni. Anajiuliza kuna faida gani ya kumwokoa mtu ambaye yeye mwenyewe atakuja kumuua, anajaribu kupita, anashindwa, anarudi na kumwokoa. Halafu anapiga magoti mbele ya yule mtoto, analia na kumwomba msamaha kwa jambo ambalo bado hajalitenda. Baadaye, ardhi inapotetemeka, tunawaona Ramzi na Halil wanakimbia, na tunaliona wayo linaposhuka. Zile ni dakika bora kuliko zote za sehemu ya mwisho. Lakini ni dakika tu, na hao ni watoto wawili tu. Waliobaki ni vumbi linaloonekana kutoka mbali, wakati huzuni ya askari wetu tunaowajua kwa majina inapewa saa kwa saa.

Kasoro ya pili inaniuma kwa sababu ya mahali ninapokaa. Asili ya majitu yote ni Ymir, mtumwa mwanamke wa zaidi ya miaka elfu moja na mia nane iliyopita, ambaye mfalme aliyemmiliki alimtumia vitani, akamzalisha, na alipokufa akaamuru mabinti zake waule mwili wa mama yao. Baada ya hapo roho yake inaendelea kumtii mfalme yule na kizazi chake kwa karne zote hizo. Eren anapomfikia na kumwambia kwamba yeye si mtumwa wala si mungu, bali ni mtu, na kwamba achague mwenyewe, pale nilishika kichwa kwa furaha. Lakini mwishoni tunaelezwa kwamba kilichomfunga siku zote hizo kilikuwa mapenzi yake kwa mfalme. Mimi nikitoka nyumbani kwenda kazini napita Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Sitaki kusema kwamba moyo wa mtumwa hauwezi kuwa na mambo ya kutatanisha, maana moyo wa binadamu haukosi mambo hayo. Nasema kwamba hadithi iliyotumia saa nyingi kueleza siasa za wafalme haikupata muda wa kuueleza moyo huo, ikatupa neno moja na kuondoka.

Ya tatu ni vitambaa vya mkononi. Waeldia wanaoishi Marley wamefungiwa mtaa wao na wanalazimishwa kuvaa alama mkononi, na kila mtu anaona kwamba picha hiyo imechukuliwa kutoka kwa masaibu ya Mayahudi wa Ulaya. Tatizo ni kwamba Mayahudi walisingiziwa, ilhali Waeldia wa hadithi kweli wanaweza kugeuka majitu, na wazee wao kweli waliitawala dunia kwa nguvu hiyo. Ukikopa mateso ya kweli na kuyapa sababu ya kubuni, unaweza kujikuta umempa mwongo ushahidi aliokuwa hana. Siamini kwamba Isayama alikusudia hivyo, kwa kuwa hadithi yenyewe inawachukia wachochezi. Aliichukua picha kwa sababu ya ukali wake na hakupima uzito wake.

Mengine ni madogo. Vita vya mji wa Trost katika msimu wa kwanza vinachukua sehemu 9 kati ya 25, na mtu anaweza kusinzia akaamka akawakuta bado wanaliviringisha jabali. Malkia Historia, mmoja wa watu walioandikwa vizuri kabisa, anapewa mimba na kuwekwa kitini hadi mwisho kana kwamba kazi yake imekwisha. Majitu yaliyochorwa kwa kompyuta katika msimu wa mwisho yanatembea kama yamevaa viatu vya kuazima.

Ukiirudia tena, usimwangalie Eren. Mwangalie Reiner katika msimu wa kwanza, hasa pale wenzake wanapozungumzia nyumbani kwao. Na ukifika mwisho wa msimu wa tatu, wanapoifikia bahari, jiangalie na wewe. Armin ameota maisha yake yote kuyaona maji makubwa yenye chumvi ambayo wafanyabiashara hawawezi kuimaliza, na mtu aliyezaliwa Wete, anayeyaona maji hayo kila akishuka bandarini, ni lazima atabasamu. Wenzake wanarushiana maji na kucheka. Eren amesimama, maji yamemfika magotini, ananyoosha kidole kuelekea upeoni na kuuliza kama wakiwaua maadui wote walioko kule ndipo watakuwa huru. Hakuna anayemjibu. Ulikuwa umeshaonyeshwa kila kitu mwaka 2019, wewe na mimi, na tukaendelea kumshangilia.

BARUA YA PILI

Mhariri, salaam nyingi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 12. Amechora mbawa mbili kwenye jalada la daftari lake la hesabu, na kila nikimtuma kitu anajipiga ngumi kifuani kabla ya kwenda. Nilipochungulia simu ya kaka yake nikaona jitu lisilo na nguo linamtafuna mtu, na nikasikia wanatajwa mashetani. Je, haya ni mambo ya ibada mbaya? Nimkataze?
Mama wa mtoto, Mwanakwerekwe

Dada yangu, ondoa hofu ya ibada. Mbawa zile mbili ni nembo ya Kikosi cha Upelelezi, yaani askari wanaotoka nje ya kuta, na ile ngumi ya kifuani ni saluti yao, yenye maana kwamba askari ameutoa moyo wake. Mashetani uliowasikia wakitajwa ni matusi: ndivyo watu wa ng'ambo wanavyowaita watu wa kisiwa ili iwe rahisi kuwapiga vita, na hadithi nzima imejengwa ili mtazamaji alione neno hilo kuwa la uongo. Majitu hayana nguo, ni kweli, lakini hayana pia viungo vya kiume wala vya kike, na hakuna mchezo wa kimapenzi unaofuata.

Hata hivyo nasema mkataze, kwa sasa. Marekani huonyeshwa katika daraja la watu wazima, na haikuwekwa huko kwa bahati mbaya. Katika sehemu ya kwanza kabisa mama anabinywa na kutafunwa mbele ya mtoto wake, na picha haigeuki upande. Mtoto wa miaka 12 atakwambia kwamba haogopi. Muulize ndugu anayelala naye chumba kimoja.

Damu si hofu yangu kubwa, maana damu mtoto huizoea, nalo ni jambo baya la aina yake. Ninachokihofia zaidi ni kuiangalia nusu nusu. Hadithi hii ni ndefu, na misimu ya mwanzo imejaa saluti, ngoma, nyimbo za kuamsha mwili na vijana wanaoruka angani kwa nyaya na gesi, huku ukali wake wa kuyahoji mambo hayo ukija baada ya saa nyingi. Kuna kamanda Erwin, mathalan, anayewapanga askari wapya, wengi wao vijana wadogo, na kuwaongoza juu ya farasi kuelekea kwenye mawe yanayorushwa na jitu ili wawe chambo. Hotuba anayowapa inasisimua hadi nywele zinasimama. Dakika chache kabla yake amekiri kwa mwenzake kwamba siku zote amekuwa akiwadanganya askari wake, kwani alikuwa akiitafuta ndoto yake mwenyewe. Anayeona vipande tu kwenye simu ya kaka yake huipata hotuba, na huenda asiupate ule ungamo. Na zaidi mbele kuna kijana Floch, anayeyachukua yale yale ya saluti na moyo na kuyafanya sababu ya kuwapiga wasiokubaliana naye. Mtazamaji aliyefika huko huiona ile ngumi ya kifuani kwa jicho jingine kabisa.

Kwa hiyo, dada, usimchanie daftari wala usimnyang'anye simu kwa kelele, kwa sababu utaifanya kuwa tamu zaidi. Mwambie kwamba ni ya wakubwa, na kwamba atakapotimiza miaka 16 mtaiangalia pamoja kuanzia mwanzo. Uweke ahadi ambayo utaitimiza, na ujitayarishe: ni sehemu karibu 90. Maneno makali zaidi nayaweka kwa yule kaka mtu mwenye simu, na huyo nakuachia wewe.

BARUA YA TATU

Mhariri, nimekwama katikati ya msimu wa tatu. Majitu yamepotea, kila mtu anazungumzia ufalme na mapinduzi. Niendelee? Pia rafiki yangu anasema kwamba kisiwa chao ni Madagaska. Ni kweli?
Mwanafunzi, Chake Chake

Endelea, mwanangu. Ulipokwama ndipo wengi wanapokwama. Nusu ya kwanza ya msimu wa tatu, yenye sehemu 12 na iliyoonyeshwa mwaka 2018, inageuza hadithi ya majitu kuwa hadithi ya watu wanaowindana mijini, na mabadiliko hayo yanakuja ghafla mno. Lakini habari za ufalme unazoziona nzito leo ndizo zitakazobeba nyumba nzima kesho, na nusu ya pili, yenye sehemu 10 za mwaka 2019, ndiyo kilele cha kazi yote. Sehemu ya 50 ndiyo inayoifungua. Usiianze usiku wa kuamkia mtihani.

Angalia kwa sauti za Kijapani na maandishi ya chini. Yuki Kaji, anayemwigiza Eren, ana sauti inayopasuka katika misimu ya mwanzo, kisha polepole inashuka hadi kuwa baridi kama maji ya mtungi, na ukiichukua tafsiri ya sauti utaikosa safari hiyo.

Ama Madagaska, rafiki yako amesema kweli kuhusu umbo. Ramani ya hadithi ni ramani ya dunia yetu iliyopinduliwa; kisiwa kina umbo la Madagaska, na bara linalokikabili lina umbo la Afrika. Nilipoiona mara ya kwanza niligeuza simu kichwa chini nikawa naitafuta Pemba. Sikuiona. Nadhani kalamu ya Isayama ilikuwa nene.